Maziwa Mawili ya Mlima Mmoja

Agosti ya Kitale si kiangazi. Mvua iliyoanza Machi bado ina hamu ya kunyesha, mahindi yamempita mtu kimo na yanatoa ndevu, na ukungu wa vilima vya Cherangani hukaa juu ya mji hadi watu wamalize chai ya saa nne. Wauza mandazi wa stendi huvaa sweta mbili. Ndio mwezi ambao shule hufungwa, na ndio mwezi ambao simu zetu hujaa picha za watu wa Ulaya waliojilaza mchangani, jua limewapiga mgongo, gilasi mkononi. Huku kwetu mtoto wa likizo amejikunyata jikoni, anachoma hindi bichi, anauliza mwaka huu ataenda wapi.

Wenye uwezo hujibu Mombasa. Kutoka Kitale ni zaidi ya kilomita 800, na nauli ya familia nzima kwenda na kurudi, wakati mahindi yako shambani na fedha yake haijaonekana, si mchezo. Wengi hujibu, "Utaenda kwa kuka," na mtoto akapelekwa Chwele au Kimilili kwa babu yake, akarudi amenona. Sina ugomvi na kwa kuka. Lakini lipo jibu la tatu ambalo watu wa Trans Nzoia na Bungoma hulisahau, na nadhani hulisahau kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni lao. Jibu hilo ni ziwa. Tena tunayo mawili.

Kutoka Kitale kuna barabara inayoshuka Kiminini, Kamukuywa na Webuye, ambayo ukiifuata na kuendelea kupitia Bungoma itakufikisha Ziwa Victoria. Nyingine inapanda Kapenguria, inateremka Marich, inakata jangwa hadi Lodwar, na mbele ya Lodwar kuna Ziwa Turkana. Ziwa la kwanza liko mita 1,135 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye nchi ya miwa na mpunga. La pili liko chini, kama mita 360 tu, kwenye nchi ya mawe meusi na ngamia. Hayafanani kwa lolote, isipokuwa asili ya baadhi ya maji yake.

Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, unafika mita 4,321 kwenye kilele cha Wagagai upande wa Uganda. Mvua inayoupiga haiendi mahali pamoja. Ndani ya kasoko yake huanzia mto Suam, ambao hutoka kwa korongo la upande wa mashariki, ukawa mpaka wa Kenya na Uganda kwa kitambo, kisha ukaelekea kaskazini, ukabadili jina na kuitwa Turkwel, na kushuka hadi Turkana. Vijito vya miteremko mingine, Kuywa na wenzake, huingia Nzoia, ambao pia hupokea maji ya Cherangani. Nzoia huenda kilomita 257 hivi na kuishia Ziwa Victoria, kwenye nchi ya Bunyala. Chukua matone mawili yaliyoanguka siku moja kwenye mlima huo, kila moja upande wake. La kwanza litavuka Ziwa Victoria, litoke Jinja, liingie Nile, na likijaliwa lifike Bahari ya Mediterania. La pili litafika Turkana na kukwama hapo hapo, maana ziwa lile halina mlango wa kutokea. Maji yake huondoka kwa njia moja tu, kwa kunyanyuliwa na jua.

Kwa hiyo mtu wa huku akienda ufuoni anafuata maji yaliyompitia mlangoni.

Ni kweli kwamba maji kwetu hayajazoea kuchezewa. Mto ni wa kuchota, wa kufua, wa kunywesha ng'ombe, na Jumapili nyingine ni wa kubatizia. Kule Bungoma mto una kazi kubwa zaidi. Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, kama 2022 na 2024, ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Kengele za chinyimba hulia usiku kucha, na alfajiri, kabla watu wa kawaida hawajaamka, kijana hupelekwa mtoni akapakwa tope baridi mwili mzima, akarudi nyumbani uchi bila kutetemeka, au akitetemeka basi ajifiche vizuri. Mwaka kama huo usimwambie mtu wa Bungoma habari za likizo ya ziwa. Jamaa wote wametoka Nairobi na Eldoret, majogoo yamekwisha uani, na maji yenye maana ni yale ya saa kumi na moja asubuhi. Safari za ziwa ni za miaka ile mingine.

Na malezi yetu kuhusu maji ni ya onyo. Ukienda Nabuyole, maporomoko ya Nzoia karibu na Webuye, utawakuta vijana wamejaa juu ya miamba wakipigana picha. Anayeingia majini humwoni. Wamekua wakiambiwa kwamba mto una mwenyewe na kila mwaka hudai mtu. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu hatujui kuogelea, na hili linaamua namna tunavyofurahia ufuo. Mtu wa Kitale akifika ziwani hukunja suruali hadi magotini. Husimama hapo, mikono kiunoni, akiangalia upeo kama mkulima anayepima shamba la jirani. Baadaye hula samaki. Nimesikia watu wa pwani wakiicheka likizo ya namna hii, lakini mimi naiona ina heshima yake. Kuangalia ni kazi pia, na macho yaliyozoea vilima na miti ya mikaratusi hupata nafuu isiyo ndogo mbele ya kitu kisicho na ng'ambo.

Tuanze na njia ya Victoria. Kisumu tuupite upesi. Una Dunga, una Hippo Point, una hoteli, na sifa zake zimeimbwa na wenyewe, ambao hawana uhaba wa maneno. Mimi nampeleka msomaji Port Victoria, mji mdogo wa Kaunti ya Busia ambao ramani za watalii huuruka.

Ukitoka Bungoma kupitia Mumias au Busia, nchi huanza kulala. Miwa hubaki nyuma, vilima hupungua, na mwisho unafika tambarare ya Budalangi, ambako kuna mpunga wa mradi wa umwagiliaji wa Bunyala na matuta marefu ya udongo yaliyoinuliwa kando ya Nzoia ili mto usitoke njiani. Ukipanda juu ya tuta utaona jambo la ajabu: maji ya mto yako juu kuliko viwanja vya watu. Hapo ndipo unaelewa kwa nini jina la Budalangi husikika kwenye taarifa ya habari karibu kila msimu wa masika. Mvua haihitaji kunyesha Budalangi ndipo Budalangi izame. Inatosha inyeshe Elgon na Cherangani. Mtu wa huko anaweza kulala chini ya nyota na kuamka maji yamefika kwenye godoro, na maji hayo tuliyaona sisi kwanza, yakipita chini ya madaraja yetu, tukasema mto umejaa, tukaenda zetu.

Fuo za huko, Marenga, Sisenye, Mulukoba, wenyewe huziita bichi, na bichi maana yake ni mahali pa kazi. Kila moja ina kamati yake ya usimamizi, chini ya mfumo uliowekwa na kanuni za 2007, yenye mwenyekiti, daftari na faini. Mgeni aliyebeba shuka lake la kulalia mchangani atapata taabu, kwa sababu mchanga una wenyewe. Umetandazwa nyavu kuukuu, na juu ya nyavu kuna omena, maelfu kwa maelfu, wembamba kama njiti, wa rangi ya fedha wakiwa wabichi na kijivu wakishakauka. Wanawake hutembea kati yao wameinama, wakiwageuza kwa viganja, wakiokota majani na vijisamaki visivyohusika. Yangeyange hungoja kando. Mmoja akikaribia zaidi ya ilivyo desturi hurushiwa kandambili. Wingu likitokea upande wa Uganda, shughuli yote hubadilika kwa mpigo mmoja: omena hukusanywa mbio mbio, maana wakinyeshewa huoza, na wakioza huenda kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nusu saa ya mvua, ambayo Kitale ingemfurahisha mkulima, Marenga ni karo ya shule iliyopotea.

"Mgeni, usikanyage nyavu. Mnatoka wapi?" mama mmoja aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Kitale, mama."

"Basi karibu. Omena zangu huenda huko." Akageuza kiganja kingine. "Na mchanga wenu huja huku."

Alikuwa anazungumza juu ya jambo analoliona kila siku. Ukichukua mtumbwi wenye injini hadi pale Nzoia inapoingia ziwani, mwezi wa Agosti, utaona mstari majini. Upande mmoja ziwa ni la kijivu linaloelekea kijani. Upande wa pili ni kahawia nzito, inayoingia ziwani mbali kabla haijayeyuka. Mkulima yeyote wa Trans Nzoia au Bungoma anaijua rangi hiyo, kwa sababu ndiyo iliyo chini ya kucha zake. Ni udongo wa juu, ule mzuri, wenye mbolea tuliyoinunua kwa mkopo. Mbolea haipotei ikishafika ziwani. Gugumaji, ambalo upande wa Kenya lilianza kuonekana mnamo 1990, hustawi kwa chakula cha namna hiyo, na likishafunga bichi mvuvi hapati pa kupitisha mtumbwi. Sisemi udongo wote unatoka kwetu. Victoria ni ziwa la kilomita za mraba 68,800, Kenya ina kama asilimia 6 tu, na mito yake ni mingi. Ila mstari ule unaouona mdomoni mwa Nzoia una anwani.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima karibu na mto, kwa upana wa mita 6 hadi 30 kila upande. Tembea kando ya vijito vya kuanzia Kapsokwony hadi Kiminini uone mahindi yalipofika. Mengine yamesimama ukingoni kabisa, mizizi nusu nje, yakisubiri mvua kubwa yaanze safari.

Lakini nisiigeuze safari kuwa mkutano wa chifu. Jioni ya Port Victoria ni nzuri, tena uzuri wake hauhitaji maelezo mengi: mbuta aliyekaangwa mzima, ugali wa mtama, upepo mwanana unaofukuza mbu hadi saa moja na baada ya hapo hauwafukuzi tena. Usiku usio na mwezi ndio usiku wa omena. Mitumbwi hutoka na taa, zamani karabai za mafuta, siku hizi taa za betri na sola, na samaki huifuata nuru. Ukikaa juu ya jiwe ufuoni utaona mianga imepangana kwenye upeo, ikipanda na kushuka polepole, hadi mtoto aliye karibu nawe aulize ule ni mji gani. Si mji. Ni chakula cha mchana cha kesho cha Kanduyi, kule Bungoma.

Njia ya pili ni ndefu na ina historia ngumu zaidi. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, haiingiliki bila kibali. Barabara ya kaskazini ya Kitale haikuwa ya wapunga upepo. Ilikuwa ya askari na ya wafungwa. Jomo Kenyatta na wenzake walihukumiwa Kapenguria 1953, wakapelekwa Lokitaung, mbali kule kaskazini, na 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Wazazi wetu waliijua Lodwar kama mahali pa kutupiwa watu, na mwalimu au karani aliyehamishiwa huko aliagwa kama anayekwenda vitani. Kumbukumbu hiyo haijaisha. Baadaye ukaja uharibifu wa lami na hofu ya majambazi, na ingawa sehemu kubwa ya barabara imejengwa upya katika miaka ya karibuni, bado utakuta mtu wa Kitale aliyefika Dubai na hajafika Kalokol.

Hasara ni yake. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300, na katika safari hiyo moja unavua sweta Chepareria, unafungua madirisha Ortum, na ukishapita Marich unaacha kulalamika kwa sababu joto limekuchukua na maneno. Kutoka Lodwar ni kama kilomita 60 nyingine hadi Eliye, kwenye mchanga na mikoma. Halafu, bila ziwa kutangulia kujitangaza, unaliona: urefu wa zaidi ya kilomita 250, kijani kisichofanana na kijani cha mmea, na mawimbi halisi. Wazungu waliolifikia 1888 waliliita Rudolf kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria. Kenya ilibadili jina hilo 1975, ikaliita kwa jina la watu wanaoishi kando yake.

Eliye inajulikana kwa chemchemi zake. Maji ya vuguvugu hutoka mchangani, matamu, hatua chache kutoka kwenye ziwa la magadi ambalo ukilinywa unatema. Watoto wa Kiturkana huoga kwenye chemchemi, kisha hukimbia ziwani, kisha hurudi kwenye chemchemi kujisuuza. Nilimtazama msichana mmoja akichimba kijishimo kwa kisigino. Alisukuma mguu chini ya mchanga wa juu unaochoma, akaupata ule wa baridi, akatulia hapo na kuanza kumcheka kaka yake aliyekuwa akirukaruka. Hakuna hoteli inayoweza kuuza hiyo. Usiku upepo hufika kutoka mashariki kwa nguvu za kung'oa hema na huendelea hadi asubuhi. Wenyeji hawauzungumzii, wanafunga vitu.

Hapa mchango wa Elgon ni mdogo, na ni vizuri kuusema kwa kipimo chake. Karibu asilimia 90 ya maji ya Turkana huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Turkwel na Kerio hugawana kilichobaki, na maji ya Turkwel yenyewe, tangu 1991, husimamishwa kwanza kwenye bwawa la kule korongoni yazungushe mitambo ya umeme. Ethiopia ilipozindua bwawa la Gibe III mwishoni mwa 2016 wengi walihofia ziwa lingekauka. Miaka michache baadaye likapanda badala ya kushuka, likameza vibanda na barabara za ufuoni. Mwaka 2020 Victoria nalo lilipanda kufikia kiwango kisichoonekana tangu miaka ya 1960, na bichi za Bunyala zikawa ndani ya maji. Maziwa mawili yasiyounganishwa na mto wowote yalifurika katika majira yaleyale. Mvua ndiyo iliyoyaunganisha.

Upande huu wa magharibi wa Turkana, mahali paitwapo Nariokotome, ndipo 1984 yalipopatikana mabaki ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mifupa ya binadamu wa kale iliyokamilika zaidi kupatikana duniani. Alikuwa bado mtoto. Kwa hiyo anayedhani mambo ya watoto kukaa kando ya maji ni mtindo ulioletwa na picha za simu, aende akamwone kijana huyo Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa.

Usiende kichwa kichwa, hata hivyo. Victoria ina kichocho, hasa penye maji yaliyotulia na majani, kwa sababu konokono wanaobeba vijidudu vyake hupenda palepale ambapo mtoto wa bara angependa kusimama. Ina viboko, ambao jioni hutoka kula na hawapendi kukutwa njiani. Turkana ina mamba wengi. Maziwa yote mawili hubadilika ghafla upepo ukiingia, na mtumbwi usio na jaketi za kuelea usiupande, hata nahodha akikuapia kwa jina la mama yake. Dawa ya yote haya ni moja: uliza. Kwenye bichi yoyote kuna mwenyekiti au mzee anayejua watoto wa pale huogelea wapi na kwa nini hawaogelei hatua ishirini kando. Msalimie kwanza, keti, ndipo uulize.

Neno la mwisho ni kwa walimu. Shule za Kitale na Bungoma hutoza wazazi fedha nyingi kuwapeleka watoto Fort Jesus, na sioni ubaya wa Fort Jesus. Lakini wanafunzi hao wanajua kuchora mto Nile kutoka Jinja hadi Misri bila kuangalia kitabu, na wengi wao hawajawahi kuona Nzoia inapoingia ziwani, ingawa wameivuka kila Jumatatu wakienda shuleni. Mwakani, kabla ya kukodi basi la Mombasa, ulizeni bei ya Port Victoria.